Babu Bakili Alikula Kuku

Priska alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ndogo ya misheni juu ya uwanda wa Makonde, upande wa kuelekea Newala, na mwaka huo alikuwa na hasira mbili: ya kitabu na ya kuku.

Ya kitabu ilikuwa ya siku nyingi. Kitabu cha kusomea walicholetewa kilianza na treni, kikapita bandarini, kikaishia kwa watu wanaokunywa chai mezani. Watoto wa pale walikuwa hawajaona treni, na jambo hilo halikuwasumbua hata kidogo, kwa sababu hawakuwa wakisoma. Walikuwa wakiimba. Kila mmoja alikuwa amekipokea kitabu kizima kutoka mdomoni mwa kaka yake au dada yake kabla ya kuanza shule. Siku moja Priska alimpa mtoto kitabu kichwa chini, na mtoto akasoma ukurasa mzima bila kukosea neno, kidole kikitembea kutoka kulia kwenda kushoto. Wenzake wakampigia makofi. Priska naye alipiga makofi, kisha akatoka, akasimama nyuma ya jengo mpaka moyo ulipotulia.

Kwa hiyo Bibi Lois alipofika na Landrova yake na kusema kwamba mambo yatabadilika, Priska alikuwa wa kwanza kufurahi. Bibi Lois alikuwa Mwingereza, msimamizi wa shule za misheni, makazi yake Masasi. Alisema kuanzia sasa watoto watafundishwa sauti: m na a, ma, k na u, ku. Na kila mwalimu wa darasa la kwanza ataandika kijitabu cha hadithi ambacho ndani yake hamna neno lolote ambalo mtoto hawezi kulijenga mwenyewe kwa sauti alizokwisha kujifunza.

"Kitabu cha kwanza kitakuwa na irabu zote tano," alisema, "na b, k, l na m. Basi."

"R je?" aliuliza mwalimu mmoja.

"R itakuja baadaye sana," alisema Bibi Lois, ambaye alikuwa amekaa huku miaka ya kutosha kujua kwamba ndimi za Wamakonde hazikuwa na haraka na r.

Hasira ya kuku ilikuwa mbichi zaidi. Kijiji kilikuwa na jumbe, yaani mkuu wake mbele ya serikali, jina lake Bakili, mtu mrefu mwenye kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu, anayependa kukohoa kabla ya kusema ili watu wapate nafasi ya kunyamaza. Jumbe Bakili alikuwa na desturi moja. Kila iliposikika kwamba mgeni wa serikali yuko njiani kutoka Lindi, alimtuma tarishi wake, Fakihi, apite nyumba kwa nyumba na tenga mabegani kukusanya kuku wa mgeni. Mgeni mara nyingi hakufika. Tenga lilifika kila mara. Safari hii Fakihi alikuwa amechukua tetea mweusi wa mama yake Priska, tena akiwa anaatamia, na mayai yakabaki kwenye pakacha yakipoa.

"Mgeni ameahirisha," Fakihi alisema wiki iliyofuata, alipoulizwa.

"Na kuku naye ameahirisha?" aliuliza Mama Priska.

Fakihi alitazama pembeni. Alikuwa mtu mwema, na shughuli ile haikumpendeza, lakini mdomo wake ulikuwa bado unang'aa mafuta.

Jioni moja, jua likiwa bado juu ya mikorosho, Priska alikaa kibarazani na penseli, mama yake akimenya mihogo karibu naye. Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Hakuweza kuandika mtoto, kwa kuwa hapakuwa na t. Hakuweza kuandika shule, wala mwalimu, wala nyumba, wala maji. Alibaki na mama, baba, babu, bibi, kaka, na kuku. Alipoandika kuku alilitazama neno hilo kwa muda.

Hadithi ilihitaji mtu mwenye jina. Alianza kupitia majina ya kijiji, mmoja baada ya mwingine, kama anayeita mahudhurio. Majaliwa alikwama kwenye j. Halfani hakuvuka hata mlangoni. Zena, Paulina, Nikolao, wote walirudishwa. Dunstan alikuwa na konsonanti za kutosha mwaka mzima. Aliita kijiji kizima, watu wazima na wachanga, na katika wote ni mmoja tu aliyepita bila kugusa kizingiti.

Ba. Ki. Li.

Priska akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini?" aliuliza mama yake.

"Herufi, mama."

"Herufi zina kichekesho gani?"

"Zinachagua watu," alisema Priska, na akaandika bila kuinua kichwa mpaka akamaliza.

Kitabu kilikuwa na kurasa sita, na kila ukurasa ulikuwa na picha aliyoichora mwenyewe. Kilisema hivi:

*Kuku alilala.*
*Babu Bakili alibeba kuku.*
*Kuku alilia. Mama alilia.*
*Babu Bakili alikula kuku.*
*Akala, akala, akala.*
*Babu Bakili akalala. Mama alibaki bila kuku.*

Alijiambia kwamba hakuwa na la kufanya. Sheria ilikuwa ya Bibi Lois, jina lilitoka kwa herufi zenyewe, na kuku ni neno la kwanza ambalo mwalimu yeyote angelifikiria. Ni kweli kwamba hakuna sheria iliyomlazimisha kumchora Babu Bakili na tarbushi. Hilo aliliweka pembeni.

Bibi Lois hakumfahamu Jumbe kwa jina lake, kwa kuwa kwake alikuwa Jumbe tu. Alikisoma kitabu mara mbili, akaitazama ile *alibaki bila kuku* kwa upendo wa fundi anayetazama kiungo kilichofungwa vizuri, na akasema ndicho kitabu bora alichowahi kuletewa. Kikachapwa kwa mashine ya misheni ya kuzungusha kwa mkono, nakala za darasa la Priska na za shule nyingine mpaka Newala.

Kilichotokea baada ya hapo Priska hakukitegemea kwa ukubwa wake. Watoto walisoma. Hakuna kaka wala dada aliyewahi kukiimba kitabu hiki, kwa hiyo hapakuwa na njia nyingine ila kuweka kidole chini ya ku na ku na kuona kinachotokea. Wa kwanza kufika kwenye *alikula* alinyamaza, akarudi nyuma, akalipitia neno upya, kisha akamtazama mwalimu kwa macho makubwa.

"Mwalimu, ni yeye?"

"Soma kilichoandikwa," alisema Priska.

Wiki ile watoto hawakuwa tayari kutoka darasani. Walisoma njiani. Walisoma wakishuka ule mteremko mrefu wa kwenda kuteka maji bondeni, na walisoma wakiupanda na madebe kichwani, wakihema katikati ya silabi: a-ka-la, a-ka-la, a-ka-la. Wanawake waliokuwa nao foleni kisimani waliomba wasomewe tena. Halafu wakaomba waonyeshwe *kuku* ni lipi. Halafu Zena, mke mdogo wa Jumbe, aliyekuja kuteka maji kama wengine, akaomba aonyeshwe *Bakili* ni lipi, na alipoonyeshwa alicheka mpaka akalazimika kutua debe.

Siku ya tatu Jumbe alikuja shuleni. Darasa zima likasimama.

"Shikamoo, Jumbe," alisema Priska.

"Marahaba." Jumbe akakohoa. Watoto walikuwa wamekwisha nyamaza tangu alipoonekana dirishani. "Nimeambiwa nipo kwenye kitabu."

"Ni babu wa hadithi, Jumbe."

"Nionyeshe."

Jumbe hakujua kusoma. Barua za serikali alisomewa na karani, na alipotakiwa kutia sahihi alitia dole gumba. Priska alimfungulia ukurasa wa pili, akaweka kidole chini ya jina. Akasubiri radi.

Radi haikupiga. Jumbe aliinama. Aliitazama ile *Bakili* kwa muda mrefu, akaigusa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa rangi kuona kama imekauka.

"Hili ndilo mimi?"

"Ndiyo, Jumbe. Ba, ki, li."

"Na hapa tena?"

"Na hapo tena."

"Niko kila ukurasa?"

"Kurasa tatu kati ya sita."

Priska aliona kitu ambacho hakukitarajia: Jumbe alikuwa amefurahi, na alikuwa akijitahidi sana isionekane. Kisha akakumbuka lililomleta, akajinyoosha.

"Lakini nakula kuku."

"Ndivyo, Jumbe."

"Mtu wa cheo changu, kwenye kitabu kilichofika Newala, kazi yangu ni kula kuku na kulala. Mwanangu, hilo halifai. Utaandika kingine. Andika nimeua simba."

"Simba ana s, Jumbe. Hatujafika kwenye s."

"Hamjafika vipi? Simba yupo siku zote."

"Yupo porini. Darasani hajafika."

Jumbe akafikiri. "Chui."

"Chui ni mwakani."

"Nyati. Tembo. Faru." Kila alipotaja mnyama Priska alitikisa kichwa kwa masikitiko, na watoto wakaanza kutikisa vichwa pamoja naye. "Basi kuna mnyama gani ndani ya herufi zenu hizi?"

"Kuna kima," alisema Priska.

"Kima hafukuzwi na jumbe. Kima anafukuzwa na watoto."

Priska angeweza kuishia hapo, na mara nyingi baadaye alitamani angeishia hapo. Lakini alikuwa mwalimu, na neno zuri lilikuwa limekwisha kumjia.

"Kuna kiboko," alisema.

Uso wa Jumbe ukafunguka. Mto Ruvuma uko mbali chini ya uwanda, na viboko wake alikuwa amewasikia tu kwa watu wanaotoka huko, lakini jina lilijaza mdomo vizuri. "Kiboko," alisema. "Ndiyo. Niliua kiboko. Na uweke kwamba alikuwa mkali."

Hivyo ndivyo kitabu cha pili kilivyopatikana. Bibi Lois alifurahi zaidi ya mwanzo, kwa sababu somo lililofuata lilikuwa m inayosimama peke yake bila irabu, na Priska alikuwa ameiweka mahali pake barabara:

*Kiboko aliibuka. Kiboko mkali.*
*Babu Bakili alimkabili.*
*Babu Bakili alimuua kiboko.*
*Kila mama alikula.*

Sentensi ya mwisho Jumbe hakuiagiza. Priska aliiongeza mwenyewe, akisema moyoni kwamba nyama nyingi hivyo lazima iende mahali.

Kwa muda Jumbe alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote kwenye uwanda. Alitembea na kitabu kwenye mfuko wa kanzu. Kwenye baraza, kabla ya kesi za mashamba na mbuzi, aliita mtoto mmoja asimame asome, na mtoto alipofika kwenye *alimkabili* Jumbe alitazama juu kama mtu anayekumbuka. Wanawake nao walianza kumpitia nyumbani, mmoja mmoja, kwa adabu zote.

"Shikamoo, Jumbe. Nimekuja kwa ile nyama."

"Nyama gani?"

"Kitabu kinasema kila mama alikula. Mimi nina watoto watano na sikupata hata mfupa."

Jumbe aliwaambia kwamba ile ni hadithi ya watoto. Wakamwitikia kwamba wamesikia, na kesho yake wakaja wengine.

Halafu akaja Silvano. Alikuwa askari wa Bwana Nyama, yaani wa idara ya serikali inayolinda wanyama wa porini, na alifika kutoka Newala kwa baiskeli, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alikuwa kijana makini asiyejua mzaha. Aliomba watu waitwe kwenye banda la baraza. Walipokusanyika, Priska akiwa nyuma na darasa lake, Silvano alifungua mkoba akatoa kitabu cha kiboko.

"Binti yangu anasoma Newala," alisema. "Juzi alinisomea hiki. Nikamuuliza Babu Bakili ni nani, akasema ni jumbe wa huku, kila mtoto anajua. Jumbe, kiboko hauawi bila kibali. Naomba kuona kibali chako."

Jumbe akakohoa, akavua tarbushi yake. Fakihi, aliyesimama nyuma yake, alirudi nyuma hatua moja.

"Hapa panasema kila mama alikula," Silvano aliendelea. "Kwa hiyo mashahidi wapo. Nani alikula?"

Wanawake walitazamana. Mama Priska ndiye aliyeinuka, akajifunga vizuri khanga yake kiunoni.

"Mimi sikula kiboko, mwanangu," alisema. "Hata kuku wangu mwenyewe sikumla."

"Kuku yupi?"

Kukawa na mchakacho, na kutoka katikati ya watoto kikapitishwa kile kitabu cha kwanza, mkono kwa mkono, mpaka kwa askari. Silvano alikisoma chote kwa sauti, polepole, kama anavyosoma sheria. Alipofika *akala, akala, akala* kuna mtu aliyekohoa kwa namna isiyo ya ugonjwa.

"Sasa nina vitabu viwili na mtu mmoja," alisema Silvano. "Nataka kujua kipi ni kweli. Kama cha kiboko ni kweli, Jumbe, tutakwenda wote Lindi. Kama vyote ni uongo, nitamuuliza aliyeviandika kwa nini anawafundisha watoto uongo."

Hapo Priska aliona mzaha wake umefika mahali ambapo haukuwa mzaha tena. Akapita katikati ya watu mpaka mbele.

"Kiboko niliandika mimi," alisema. "Sikuwa na mnyama mwingine. Herufi zilikuwa chache."

Silvano alimtazama kama mtu anayeelezwa kwamba ng'ombe ameingia shambani kwa sababu ya mvua.

"Hakuandika kwa kupenda," alisema Jumbe. Sauti yake ilikuwa ndogo, na kila mtu akashangaa, kwa sababu angeweza kunyamaza na kumwacha mwalimu ajieleze. "Nilimwagiza mimi. Nilitaka simba. Hakuwa naye. Sijaua kiboko. Sijawahi kumwona kiboko."

"Kwa hiyo cha kiboko ni uongo," alisema Silvano, na penseli yake ikasubiri. "Na cha kuku?"

Jumbe alitazama tarbushi yake, ambayo alikuwa ameivua na kuishika mikononi. Aliwatazama wanawake. Zena, mke wake, alikuwa amefunika mdomo kwa khanga, na mabega yake yalikuwa yakicheza.

"Cha kuku," alisema Jumbe mwishowe, "hakina kosa hata moja."

Banda zima likacheka, na kicheko kile kilikuwa kirefu, kikapoa, kikaanza upya. Jumbe alisimama katikati yake kama mtu aliyenyeshewa. Halafu pembe moja ya mdomo wake ikapanda, akashindwa kuishusha, naye akacheka. Silvano peke yake ndiye hakucheka. Aliandika kwamba hakuna kiboko aliyeuawa, akaomba maji ya kunywa, akapewa, akapanda baiskeli yake akarudi Newala.

Kuku walirudi kidogo kidogo. Mwezi ule na uliofuata Fakihi alionekana akipita na tenga kuelekea upande mwingine, akimshusha jogoo hapa na vifaranga pale, na inasemekana hakuwahi kubeba mzigo kwa moyo mwepesi kama huo. Hawakuwa kuku wale wale, wale walikwisha liwa. Mama Priska aliletewa jogoo mwekundu mwenye fujo aliyewika wakati wowote alipotaka. Alilalamika, akamweka.

Priska alidhani mambo yamekwisha. Lakini asubuhi moja, watoto wakiwa wanaanza n, mlango ulizibwa na mtu mrefu. Jumbe aliingia, akawaitikia watoto shikamoo zao, akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma, magoti yakamfika kifuani.

"Kuna jambo, Jumbe?" aliuliza Priska.

"Hakuna. Fundisha."

"Unataka kusikiliza?"

"Nataka kujua kinachoandikwa kabla hakijafika Newala," alisema Jumbe. "Mwalimu, endelea na hiyo n yako."

Aliendelea kuja kila siku ambayo haikuwa ya baraza. Alikuwa mwanafunzi mgumu, kwa maana hakukubali kitu kwa kuambiwa tu. T aliipokea haraka. S ilipofika aliandika *simba* kwenye kibao chake cha mawe, akakaa nalo siku nzima bila kulifuta. Ch ilimkera, akataka kujua kwa nini herufi mbili zilipwe kwa kazi ya mmoja. Watoto walimsaidia bila kumcheka. Kwenye r tu hawakuweza kumsaidia, maana hapo ndimi za wote zilikuwa sawa.

Kisha ikafika ng'. Priska aliandika *ng'ombe* ubaoni, akaeleza jinsi sauti inavyotokea puani, na darasa likaing'ang'ania kwa furaha, kwa kuwa hii hata wachanga wao waliijua. Mkono mmoja mrefu ulikuwa umeinuliwa kule nyuma.

"Hicho kialama kidogo hapo juu," alisema Jumbe. "Kinasomwaje?"

"Hakisomwi, Jumbe. Kinatuonyesha tu kwamba sauti ni ng', siyo ng."

"Hakina sauti yake?"

"Hakina."

"Lakini kikiondoka, neno linaharibika?"

"Linaharibika."

Jumbe aliegemea ukuta, akakitazama kile kialama kwa heshima, kama anayemtazama jumbe mwenzake, na akawaambia watoto walio mbele yake wakae vizuri wasimzibe.